Pikapu Ikiwa Tupu

Mtu asije akanidanganya kwamba pikapu ni gari la abiria. Pikapu ni gari la mzigo, na ya kaka yangu ndiyo usiseme, maana aliifanya ya mzigo mpaka ikasahau kama kuna binadamu. Nyuma aliongeza majani ya springi, moja juu ya jingine, hadi fundi akamwuliza kama anataka kuhamisha milima. Shokapu za nyuma zilipoanza kuvuja mafuta hakununua nyingine. Alizing'oa akazitupa uani kwa mama, akasema, "Za nini? Mzigo haulalamiki."

Mtaani wanamwita Tani Mbili, kwa sababu gari la tani moja yeye hulipakia mbili, na bado akauliza kama kuna kingine. Jina analipenda, ameliandika kwenye kioo cha nyuma kwa rangi nyekundu. Mimi ni mdogo wake, yeye ndiye aliyeniachia ziwa. Kazi yangu ni ususi, na yeye huniita Redio, eti nikishawashwa sizimwi. Sawa. Leo nimewashwa, na asithubutu mtu kugusa kitufe.

Asiyejua mambo ya pikapu nimweleze kwanza, maana bila hili ataniona mwanamke wa kelele za bure. Springi za nyuma zinataka uzito. Ukiipakia pikapu, zinalala, gari linatulia, unaweza hata kunywa chai humo ndani. Ukishusha mzigo, zinakakamaa, na kila kishimo cha barabara unakipokea kiunoni. Mkia unaruka, unatua, unaruka tena kabla hujavuta pumzi. Na kama hakuna shokapu za kuutuliza, unaendelea kudunda wenyewe hata shimo likishapita. Wenye pikapu wote wanalijua hilo. Kaka yangu analijua kuliko wote, na hapo ndipo roho yangu inapochomeka.

Mama yetu ni fundi cherehani. Ametulea kwa kuinamia mashine ile, na jicho lake la kushoto lilikufa siku nyingi, tukiwa bado tunasoma. Aliona giza pembeni akadhani ni uchovu, akaendelea kushona sare za shule za watoto wa watu. Alipokuja kusema, hakukuwa na la kufanya. Mama ndivyo alivyo, hasemi. Sindano ikimchoma kidole anafuta damu haraka isije ikachafua nguo ya mteja, kisha anakanyaga pedeli. Kwa hiyo lile la kulia lilipoanza nalo, ni mimi niliyemshtukia, alipopanga vifungo vyeusi kwenye blauzi nyeupe. Nilimshika mkono siku hiyo hiyo nikampeleka hospitali kubwa, huko mbali, safari ya kuondoka asubuhi na kufika jioni imeingia.

Walimpasua. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa kurudia maneno. Alisimama kando ya kitanda akatueleza, mimi na kaka, siku ya kuruhusiwa.

"Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba sana, ndiyo inayoona. Ilikuwa imebanduka. Tumeibandika, lakini haijashika sawasawa. Ainamishe kichwa mchana, usiku alale kifudifudi, na asitikiswe. Mkiweza kukaa hapa mjini mpaka nimwone tena, kaeni. Mkishindwa, tafuteni gari laini. Akiona giza linashuka kama pazia, arudi hapa saa hiyo hiyo. Sikusema kesho yake. Nimesema saa hiyo hiyo."

"Na likishuka?" nikauliza.

"Ana jicho moja, dada. Hesabu unaijua."

Msusi mwenzangu mmoja anakaa mjini pale, alikwishaniambia chumba kipo, tujibanze mpaka mama apone. Mama akakataa katakata. "Nikae kwa watu nimeinamisha kichwa kutwa kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani? Nirudisheni kwangu." Basi nikatafuta teksi. Nikampata mzee mmoja pale getini mwenye gari dogo la zamani, bovu rangi lakini laini. Nililikalia mwenyewe, nikamwambia alipitishe kwenye matuta ya hospitali huku nimefumba macho. Lilikuwa linayumba tu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Tukakubaliana.

Kaka aliposikia, alinivutia kwenye korido, karibu na bomba la kunawia, akanitolea macho.

"Teksi? Mama yangu apande teksi, mimi nina gari?"

"Una gari la saruji."

"Gari ni gari. Tukifika nyumbani watu watasema nini? Tani Mbili anabebea watu mizigo kutwa, mama yake mzazi analetwa na mtu baki! Unataka nionekane vipi?"

"Nataka mama aone. Wewe utaonekana vyovyote utakavyoonekana."

"Mdomo huo," akasema, "ndio uliomkimbiza shemeji."

Lo! Hapo alinigusa penyewe, na ningemjibu hadi wagonjwa waamke, kama mama asingetuita. Alikuwa amesikia kila kitu. Uso wake ulikuwa umeelekea sakafuni, na alisema na vigae.

"Nitapanda gari la mwanangu," alisema. "Mwambie huyo mzee wa teksi asinisubiri."

"Mama, daktari amesema..."

"Amesema gari laini. Kaka yako atalifanya laini. Si ndiyo, baba?"

Kaka mzima na ndevu zake akafurahi kama mtoto aliyesifiwa darasani. "Niachie mimi, mama."

Akatoka. Nikadhani anaenda kuosha kioo. Aliporudi, pikapu ilikuwa imekaa chini nyuma kwa adabu zote, imejaa mifuko ya saruji iliyopangwa sawasawa na kufunikwa turubai. Alikuwa amepunguza na upepo wa tairi. Ndani ya kebini alikuwa ametandika godoro la sponji kwenye kiti na kununua mto mpya wa mama kuinamia. Alinizungusha gari lote, akiupiga mkono ule mzigo kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Unaona? Mimi si mjinga, Redio. Nimeipa uzito. Mama hatajua kama tumeondoka."

Sina kinyongo cha kumnyima mtu haki yake. Nilipanda katikati, gia ikinichokonoa goti, mama akakaa mlangoni ameinamia mto, tukaondoka, na ilikuwa kweli. Lami ya kutoka mjini ina viraka na mashimo, lakini pikapu ilipita juu yake kama inateleza. Kaka aliendesha kwa mikono miwili, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kwenye kila tuta alikaribia kusimama, akalipanda tairi moja moja, huku akisema, "Tuta hilo, mama. Tumeshapita." Mama alicheka kidogo ndani ya mto.

"Mbona raha hivi?" akasema. "Mlikuwa mnanitisha nini?"

"Mwulize binti yako," kaka akajibu. "Yeye alitaka teksi."

Nikambinulia mdomo, lakini moyoni nilikuwa nimetulia. Nilifika hata mahali nikamtazama kwa pembeni, yule kaka yangu aliyekunja sura akitafuta mashimo mbele, nikajisemea kumbe ana mapenzi, tatizo lake ni kiburi tu. Nikachukua soda yake nikamfungulia. Tulikwenda hivyo mpaka mchana, tukafika njia panda.

Njia panda pale pana kituo cha mafuta, vibanda vya chai, na duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi. Lami inaishia pale. Kutoka pale mpaka kwetu ni barabara kuu, kuu kwa jina, ambayo wajenzi waliichimbua wakaondoka na mitambo yao. Imebaki udongo mgumu uliojikunja migongo midogo midogo kama bati, na makorongo ambapo maji yamekata. Ndiyo nusu mbaya ya safari, kila mtu anajua.

Kaka akarudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni mwa lile duka, akazima.

"Tunanunua nini?" nikamwuliza.

"Nashusha."

"Unashusha nini?"

"Saruji ya watu. Ulidhani ni ya kwangu?"

Vibarua walishafunua turubai. Nilishuka nikasimama nyuma, na nakwambia, kila mfuko ulivyotoka begani mwa mtu niliuona mkia wa gari unapanda. Kidogo, kidogo tena. Yale majani ya springi yaliyokuwa yamelala yakaanza kujikunja upinde. Mama aliyekuwa peke yake kebini, ameinamia mto, aliuhisi kabla sijamwambia lolote.

"Mbona tunanyanyuka?" aliuliza.

Nikamfuata kaka dukani. Alikuwa anaongea na simu, na sura yake ilikuwa inaharibika. Kumbe hesabu zake zilikuwa hivi: ashushe saruji pale, apakie mbao za mtu mwingine za kupeleka kwetu, gari libaki na uzito mpaka nyumbani. Sasa mwenye mbao alikuwa anamwambia mbao hazijafika. Kaka akatukana, akaweka simu mfukoni.

"Sawa," nikasema, "basi tupakie mchanga. Ule pale." Kando ya duka kulikuwa na lundo la mchanga refu kuliko mimi. Mwenye duka, mtu mpole mwenye kanzu iliyojaa vumbi la saruji, alikuwa anatusikiliza.

"Chukueni," akasema. "Mifuko mitupu hiyo hapo. Mtanirudishia siku yoyote. Mgonjwa kwanza."

Nikamshukuru nikaokota mfuko. Kaka akaninyang'anya.

Sasa sikilizeni ujinga wa hawa watu, maana sidhani kama upo katika kazi nyingine. Pale kwenye kivuli cha kituo cha mafuta walikuwa wamekaa madereva wenzake wa pikapu, wanakunywa chai, wanatutazama. Na katika kijiwe chao, dereva anayeweka mchanga ili gari litulie ni dereva asiyejua kuendesha. Mchanga wanawekewa wanaojifunza. Ukionekana umebeba mchanga usio na mwenyewe, watakuimba mpaka ubadilishe njia. Mmoja alikwishaanza. "Tani Mbili!" akapiga kelele kutoka kivulini. "Dada yako anakupakilia? Unaogopa njia leo?"

Wakacheka. Niliona shingo ya kaka inavimba.

"Siogopi njia," akaniambia kwa sauti ya chini, ameuma meno. "Njia hii nimeipita tangu wewe unasuka wanasesere. Kila shimo nalijua jina. Siwezi kubeba mchanga mbele ya wale, wewe huelewi."

"Naelewa sana! Wewe ndiye usiyeelewa. Mama ana jicho moja!"

"Na mimi nina mama mmoja! Unadhani nataka aumie? Nitaendesha polepole. Panda."

"Sipandi mpaka uweke mchanga."

Tukawa tunatoleana povu pale mbele ya vibarua, mtu na dada yake, hadi mlango wa kebini ukafunguliwa. Mama alitoa mguu mmoja nje, uso bado chini.

"Acheni kunitangaza barabarani," akasema. Kisha akanigeukia mimi. Ni mimi, siku zote huwa ni mimi. "Mwache kaka yako. Gari ni lake, analijua. Usimwaibishe mbele ya wenzake."

Nikapanda. Ningefanya nini? Ningemshusha mama nimkalishe juu ya lundo la mchanga?

Mita chache tu baada ya lami kuisha, ile pikapu tuliyoijua asubuhi haikuwepo tena. Iligeuka. Ilikuwa inatetemeka kuanzia sakafuni hadi menoni, kioo kinalia, mlango unalia, na nyuma kule bodi tupu linapiga kelele kama sufuria zimeanguka kabatini. Nilipitisha mikono yangu miwili nikakishika kichwa cha mama, mmoja kwenye paji, mwingine kisogoni. Mikono yangu imezoea vichwa, ndiyo kazi yangu. Nilikibana kifuani kwangu nikaacha mwili wangu ndio urushwe.

"Polepole!" nikasema.

"Hii ndiyo polepole!"

Na kweli alikuwa anakwenda polepole, na polepole ndiyo ilikuwa inatuua. Kila mgongo wa ile barabara tulikuwa tunaupanda na kuushuka, mmoja baada ya mwingine, bila kukosa hata mmoja. Madereva wana njia yao kwa barabara ya namna ile. Wanaongeza mwendo, gari linaanza kugusa vilele tu, halizami katikati, mtetemo unapungua. Kaka alivumilia kwa muda, akatokwa jasho, akamtazama mama, akanitazama.

"Ngoja niikimbize kidogo," akasema. "Itaelea."

"Usithubutu."

"Inamtetemesha hivi, huoni? Ikielea atapata nafuu."

Akakanyaga mafuta. Ikaelea. Kwa muda mfupi kukawa na utulivu wa ajabu, na kaka akaanza kutabasamu, akafungua mdomo aniambie kitu. Mbele yetu maji yalikuwa yamekata barabara yote, kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu alikuwa amefukia kwa udongo laini ambao umeshazama. Akashika breki, amechelewa. Mbele pakapita vizuri tu. Ni mkia. Mkia ulirushwa juu bila kitu cha kuushikilia, ukatua, ukarushwa tena, ukatua, na zile springi zake alizoziongezea majani kwa majivuno zikaendelea kuturusha wakati korongo liko nyuma yetu tayari. Kichwa cha mama kilinitoka mikononi. Kilipiga paa la kebini, kikarudi kikapiga dashibodi.

Gari likasimama. Vumbi likatufikia likaingia madirishani.

"Pole, mama," kaka akasema. "Pole, mama. Pole sana. Sikuliona."

"Mbona salama," mama akasema. Akapapasa mto, akaurudisha magotini, akainama. "Twende, baba. Si kitu."

Tukaenda, safari hii kwa kutambaa. Jua lilikuwa kali, anga jeupe halina doa. Baada ya muda mama akaniuliza, taratibu, kama anauliza habari ya mtu mwingine, "Kuna wingu limeingia huko nje?"

"Kaka, simama!" nikapiga kelele. "Simama turudi! Ameona pazia!"

Kaka akasimama katikati ya barabara. "Mama, unaona pazia?"

"Pazia gani? Nimeuliza hali ya hewa. Huyu dada yako kila kitu anakuza."

"Nitazame. Hivi ni vidole vingapi?"

Mama akainua uso, akageuza shingo kidogo, zaidi ya ilivyohitajika, kama kuku anayetazama punje. "Viwili," akasema. Vilikuwa viwili. Kaka akashusha pumzi hadi bega likaanguka.

"Amegeuza shingo, hukuona?" nikasema. "Anatafuta pa kuonea. Turudi!"

"Turudi kwa barabara gani?" akanigeukia kwa hasira, na macho yamemlowa. "Ile ile? Na gari lile lile tupu? Nimrushe tena kwenye lile korongo? Amesema anaona! Unataka nini tena, wewe?"

Nikatoa simu nimtafute mzee wa teksi. Tulikuwa katikati ya pori. Simu yangu haikushika hata kijiti kimoja cha mtandao.

Tulifika jioni imeingia. Majirani walikuwa uani wakitusubiri, wakampokea mama kwa vigelegele vya chini chini, na yeye akiwa ameshikwa mkono na mwanawe akawaambia wote, "Nimekuja kama nimebebwa mgongoni. Gari la mwanangu hili, godoro tupu." Kaka akasimama pale akapokea sifa. Si kwamba alikuwa anajidai. Alikuwa anazihitaji, nilimwona, anazinywa kama mtu aliyetoka jangwani.

Nilimwingiza mama chumbani kwake, penye mashine na vipande vya vitambaa, nikafunga mlango kwa funguo. Nikamlaza kifudifudi. Nikapiga magoti hadi mdomo wangu ukawa sikioni mwake.

"Mama, niambie mimi peke yangu. Limefika wapi?"

Alivuta pembe ya shuka. Kisha akasema, "Limepita nusu."

"Tangu lile korongo?"

"Tangu lile korongo."

"Mungu wangu, mama! Na unawaambia watu godoro?" Nilikuwa nalia na kugombeza kwa pamoja. "Naita teksi sasa hivi. Yule mzee nina namba yake."

"Ukiita, atajua."

"Na ajue! Ajue kwa nini asijue?"

"Kaka yako ana moyo mdogo," mama akasema. "Wewe una moyo mkubwa, ndiyo maana nakwambia wewe. Akijua kama ameniua jicho kwa mkono wake, hatashika usukani tena. Namjua, mimi ndiye niliyemzaa. Atakaa ndani atakunywa, basi. Watoto wake watakula nini?"

"Na wewe utakula nini? Utashona kwa nini?"

Niliipiga ile namba hata hivyo, nikatoka uani kupata mtandao. Yule mzee akasema barabara ile gari lake dogo haliingii kukiwa kunaelekea giza, ataondoka huko kesho kukipambazuka. Nikamwambia aje. Mama nilipomwambia akasema atakataa kupanda, na mama akisema atakataa, amekataa.

Hakukuwa na haja ya kukataa. Asubuhi kaka alikuja na maandazi, akamkalisha mama kitandani, akamnyooshea kikombe cha chai. Mama akanyoosha mkono. Mkono ukapita kando ya kikombe, ukashika hewa, ukashika tena. Kaka aliutazama ule mkono. Kikombe kikamponyoka.

Alitoka akikimbia, na dirishani nikamwona kwa jirani anayejenga, anapakia mchanga. Koleo kwa koleo, peke yake, hakumwomba mwenyewe ruhusa, hakuangalia nani anapita barabarani. Madereva wenzake wawili walipita wakapunguza mwendo, wakamtazama, hawakusema neno. Alijaza mpaka majani yote ya springi yakalala chali. Tulikwenda hospitali kwa barabara ile ile, na nasema kwa uchungu, sijawahi kupanda gari laini namna ile maishani mwangu. Hata kwenye lile korongo tulishuka na kupanda kama tumebebwa na maji.

Daktari alimkalisha mama kwenye kile kimashine cha kupimia macho, akamwangalia kwa muda mrefu. Akazima taa yake. Akasema imebanduka yote, imejikunja, na safari hii haishikiki tena.

Kaka alikuwa amesimama kwenye pembe ya chumba, mgongo ukutani, amejishika kichwa.

"Ilianza lini?" daktari akauliza. "Niliwaambia akiona pazia arudi saa ile ile. Ingewahiwa, ningejaribu. Ilianza lini? Ilikuwa safarini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na yote tayari kwenye ulimi, mchanga, madereva, korongo, vidole viwili. Mkono wa mama ukanitafuta, ukapapasa paja langu, ukapata mkono wangu, ukaubana. Wale wanaodhani wazee hawana nguvu hawajawahi kushikwa na fundi cherehani. Kucha zake ziliingia nyamani.

"Leo asubuhi," mama akasema. "Nimeamka nayo."

"Safarini hakutikiswa?"

"Gari lilikuwa laini, daktari. Nililala njia nzima."

Daktari akamtazama, akanitazama na mimi, akaona nimetazama chini. Akaandika. "Basi ni bahati mbaya," akasema. "Hutokea yenyewe wakati mwingine, hata mtu akiwa amelala kitandani kwake. Msijilaumu."

Kule pembeni nikasikia kaka anavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyekuwa chini ya maji. Alichuchumaa palepale akaanza kulia kwa kwikwi, mwanaume mzima, na kilio chenyewe nilikijua, kilikuwa cha mtu aliyefunguliwa minyororo. Alipokwisha, alijifuta kwa mkono wa shati akanigeukia mimi.

"Umesikia?" akaniambia. "Umesikia mwenyewe daktari. Njia nzima ulinifanya mimi muuaji. Mbele ya vibarua. Mbele ya mama."

Nilikuwa namtazama mama, nikisubiri walau neno moja, lolote, la kunipumzisha na mimi. Mama aligeuza uso upande alioamini nipo. Sikuwepo upande ule. Alikuwa analitazama kabati la dawa, na aliliambia lile kabati kwa upole wote aliokuwa nao, huku mkono wake bado umeubana wangu:

"Mwombe kaka yako radhi."

Nikamwomba.